Chini Hapasuguliwi

Kwa Bi Ghanima wa Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani, madhambi yalikuwa ya namna mbili: yale aliyoyakataza Mwenyezi Mungu, na kusugua chini ya sufuria. Ya kwanza yana toba. Hilo la pili, muulize mkaza mwanawe Buthaina, lilimtoa jasho tangu fungate haijaisha.

"Ndani sugua. Ubavuni sugua mpaka uone uso wako," Bi Ghanima alikuwa akimwambia, kalipindua sufuria la pilau kichwa chini miguu juu kama anayekagua mbuzi wa kununua. "Lakini hapa chini pana rangi yangu. Nyekundu, na kijistari cheupe. Ukiitoa hii, sufuria limekwenda na maji. Likichanganyika na ya watu kwenye harusi utalijuaje? Utalinusa?"

Buthaina akaitikia, "Sawa mama," na moyoni akasema mengine.

Bi Ghanima alikuwa na haki ya ukali huo. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokodisha vyombo vya harusi: masufuria, masinia, majamvi, viti vya plastiki na maturubai. Mwenyekiti wa kudumu, maana aliyejaribu kugombea naye alihamia Pongwe. Kila mama alileta vyombo vyake na kila chombo kilipakwa alama ya mwenyewe, chini, mahali moto unapopapiga na macho ya mgeni hayafiki. Harusi ikiisha, akina mama wanapindua masufuria moja moja, wanaangalia matako yake, na kila mtu anachukua lake. Ndivyo walivyoishi bila kupelekana kwa mjumbe.

Shida ilikuwa maturubai. Ukifika mwezi wa Shaaban watu wa Tanga wanaoa kama wanaofukuzwa, na mwaka ule turubai moja liliahidiwa kwa baba wa bibi harusi wa Makorora na kwa mwingine wa Chumbageni, siku moja, saa moja. Wazee wawili wenye kanzu walivutana turubai barabarani mpaka likachanika katikati. Kila mmoja akaondoka na nusu yake na laana zake.

Buthaina ndiye aliyesema, "Mama, mbona hili linamalizwa na simu tu?"

Alikuwa akisoma masomo ya jioni ya kompyuta kule Usagara, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Mwalimu wake Kristina, Msambaa wa Lushoto, alikuwa na kiofisi chake humo humo cha kutengeneza programu za kompyuta. Mwanamke mrefu, wa maneno machache, anayekunywa chai bila sukari, jambo ambalo kwa Tanga linatosha mtu kuulizwa kama anaumwa. Mwalimu Kristina akaikubali kazi ya akina mama, akawapa wanafunzi wawili waijenge: Buthaina, na kijana mmoja anaitwa Sleyum, mtoto wa mwenye duka la chini.

"Ofisini nina nafasi ya mtu mmoja," aliwaambia. "Nitakayemchukua ni yule ambaye kazi yake nitaiona."

Buthaina alirudi nyumbani siku ile hata baiskeli haikugusa chini. Mumewe Muntasir alikuwa fundi wa kivuko kule Pangani, anaonekana nyumbani Ijumaa kwa Ijumaa kama hotuba. Nyumba ilikuwa ya mavyaa wake Bi Ghanima, jiko la mavyaa, hata paka alikuwa wa mavyaa. Kazi yenye meza yake na kiti chake, hiyo ingekuwa yake. Alimwinua Malak juu, binti yake mwenye meno mawili na hasira za watu wazima, akamwambia, "Mama yako atakuwa na ofisi." Malak akamtemea mate, kwa furaha.

Sasa, kazi yao waliifanyia kwenye kitu kinaitwa Git. Ichukulie ni karani asiyechoka. Kila ukimaliza kipande cha kazi unamkabidhi, naye anakudai mstari mmoja wa kueleza umefanya nini. Makabidhiano hayo mafundi wanayaita komiti. Kila mtu anafanyia kazi kwenye tawi lake, pembeni, ili akiharibu asiharibu vya wote. Kazi ikiiva, tawi linaunganishwa na shina, na mistari yote uliyoandika inaingia nayo humo, isomwe na yeyote mpaka parapanda.

"Andikeni mlichofanya, na kwa nini," Mwalimu Kristina aliwaagiza.

Lile "kwa nini" Buthaina alilipokea kama mtu aliyepewa kipaza sauti harusini. Alikuwa peke yake mchana kutwa, na mtoto, na mavyaa, na hiyo kompyuta. Mtoto hajui kusema. Mavyaa hajui kunyamaza. Ikabaki kompyuta.

"Nimezuia turubai moja kuahidiwa harusi mbili siku moja. Naacha hapa, Malak kanitapikia."

"Nimerekebisha kosa la jana. Kosa langu, lakini nililifanya mavyaa akinisemesha, kwa hiyo tugawane."

"Tarehe sasa zinakubali. Mavyaa leo kapika pilau haina chumvi hata ya kusingiziwa. Nimeila kwa heshima."

"jjjjjjjkkkkkk;;;"

"Huo uliopita ni wa Malak. Siufuti. Ndio mstari wake wa kwanza duniani."

"Sleyum kabadilisha tena rangi ya vitufe. Sasa ni zambarau. Mungu anamwona."

Ukimwuliza mwenyewe, aliona raha. Kila mstari ulikuwa kama kumwaga maji ya kuoshea kibarazani: pwaa, umekwisha, unaingia ndani mwepesi.

Kosa lenyewe halikuwa midomo. Kosa lilikuwa kompyuta.

Yake ilikufa mapema, Malak alipoinywesha uji wa ulezi. Sleyum, ambaye baba yake alikuwa amemnunulia mpya, akamkopesha ile yake ya zamani. Ilikuwa na jina lake tayari ndani, na Git huandika kila mstari kwa jina inalolikuta. Kwa hiyo mistari yote aliyoandika Buthaina, ya matapishi na ya turubai, ilitoka imeandikwa: Sleyum.

"Eti hapa panasema ni wewe," alimwonyesha siku ya kwanza.

"Achana nayo. Ukianza kuchokonoachokonoa humo utaniharibia. Jina tutabadilisha mwishoni."

Na Buthaina akaachana nayo. Yeye! Mkaza mwana wa Bi Ghanima, aliyepigiwa kelele za alama mpaka akaziota, akapika pilau yake ndani ya sufuria la mtu na hakupaka hata tone.

Kazi ikaiva. Siku ya Alhamisi Mwalimu Kristina akawaita, kikombe chake kichungu mkononi.

"Jumamosi asubuhi kikundi kinakuja. Nitafungua historia ukutani, tuwaonyeshe akina mama kazi ilivyojengwa, hatua kwa hatua, halafu ndipo niunganishe tawi na shina. Na hapo hapo nitasema nani namchukua. Kwa hiyo safisheni historia zenu. Sitaki takataka kwenye shina langu."

"Ukutani?" Buthaina akauliza.

"Kwa projekta."

"Akina mama wote?"

"Mwenyekiti amesema atakaa mbele, kwa sababu ya macho."

Buthaina akashuka ngazi. Chini akamkuta Sleyum kakaa juu ya pikipiki yake anakula bajia.

"Sleyum, nimekufa."

"Poleni wafiwa."

"Acha mzaha! Mavyaa wangu atasoma mle. Pilau imo mle! Kukoroma kumo!"

"Kukoroma gani?"

"Hukusoma ule? 'Nimejaribu mara tatu kwa sababu mavyaa anakoroma mchana kama mashine ya mkonge.'"

Sleyum akacheka mpaka bajia ikamtoka puani. Alipopata pumzi akajifuta. "Sasa hofu ya nini? Unaibana mistari yote inakuwa mmoja. Unaandika mmoja tu, msafi, yaliyobaki yote yanapotea. Mambo ya dakika."

"Nikae niifanye sasa hivi."

"Si ulisema mtoto anaota jino?"

Hapo alimshika. Malak alikuwa ameachwa kwa bibi yake akilia tangu adhuhuri, na titi lenyewe la Buthaina lilikuwa limeshaanza kumkumbusha, gauni limelowa mbele.

"Nipe kompyuta," Sleyum akasema, mkono keshaunyoosha. "Wewe nenda kamnyonyeshe mtoto. Mimi nitakusafishia."

"Yote ya mavyaa utoe."

"Sibakishi hata harufu."

"Na jina langu uweke."

"Dada yangu, wewe nenda."

Akaenda. Alipanda baiskeli kwa kasi, kanga inapepea, anamshukuru Mungu kwa kumpa mwenzake mwenye moyo mwema. Shukrani hiyo aliiombea radhi baadaye, kwa Mungu huyo huyo.

Jumamosi akina mama waliingia kwa kishindo na manukato. Viti vilikuwa vya kwao wenyewe, vimekodiwa na ofisi, na Bi Ghanima kabla ya kukaa alikipindua chake akaangalia chini. Alama ya Imakulata, mwenzake wa kikundi. Akakipeleka kwa Imakulata, akatafuta chake, akakipata, akakaa, akampakata Malak.

"Shikamoo mama," Mwalimu Kristina akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Wanakupa chai ile ile?"

"Ile ile, mama."

"Mungu akusaidie."

Sleyum alikuwa amekaa karibu na projekta, ile kompyuta yake ya zamani imeunganishwa nayo, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Hakumwangalia Buthaina. Buthaina akadhani ni woga wa hadhara.

Mwalimu akafungua. Ukuta ukawaka. Na pale ambapo Buthaina alitarajia kuona kazi yake imeoshwa, pakawa na mstari mmoja, peke yake, kama kidole:

"Mfumo wa kukodisha vyombo, umekamilika. Sleyum."

Mwalimu Kristina akaweka kikombe chini. "Hii ndiyo historia yote?"

"Nimeisafisha, Mwalimu," Sleyum akasema. "Kama ulivyoagiza."

"Nilisema usafishe, sikusema uzike. Na hii kazi yote ni yako?"

Sleyum akajikohoza. Ukitaka kumtendea haki, kijana huyu hakuamka asubuhi na nia ya kuiba. Alibana mistari, kompyuta ikaandika jina lake yenyewe kama ilivyozoea, akaliona jina lake pale juu, limekaa vizuri, na mkono ukawa mzito kulitoa. Wizi mwingine ndio huo huo, wa kuacha tu.

"Tulisaidiana," akasema. "Buthaina alikuwa... anajaribisha."

"Anajaribisha."

"Anabonyeza, anaangalia kama inafanya."

Buthaina akahisi masikio yanawaka moto. Turubai na tarehe zake. Ile siku aliyokaa na Malak mgongoni anatafuta kwa nini masinia arobaini yakitoka yanarudi arobaini na mbili. Yote hayo: anabonyeza, anaangalia.

"Mimi macho yangu ni mabovu," Bi Ghanima akasema mbele kule, "lakini jina la mkaza mwanangu silioni. Lipo?"

"Halipo, mama," Mwalimu akajibu.

Bi Ghanima akageuka, kiti kikalia. "We Buthaina. Si ulikuwa unaniambia unafanya kazi? Masufuria mangapi yameungulia jikoni kwangu kwa ajili ya hii kazi? Kumbe ulikuwa ukibonyeza?"

Akina mama wakamtazama. Mwalimu Kristina naye akamtazama, na macho yake yalikuwa yanauliza swali hilo hilo, bila masufuria.

Buthaina alijua jambo moja. Git haisahau upesi. Mstari ukiubana au ukiufuta, wenyewe haufi hapo hapo. Unasukumwa pembeni, kwenye kumbukumbu za ndani za kompyuta ile ile, unakaa siku nyingi ukisubiri kama kuna mtu atakayeuhitaji. Mwalimu aliwafundisha hivyo jioni moja, Buthaina kasimama nyuma ya darasa anambembeleza Malak, na hakusahau. Angeweza kuirudisha yote sasa hivi. Yote. Na mavyaa yuko mbele, kwa sababu ya macho.

Anyamaze, arudi kwenye ile nyumba, lile jiko, yule paka? Pilau ile ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Nafasi ilikuwa ya leo.

Akaenda mezani.

"Buthaina," Sleyum akamnong'oneza, rangi imemtoka, "hebu fikiri kwanza. Pilau."

"Nimefikiri. Sogea."

Akaandika. Akakosea, akarudia. Akabonyeza.

Ukuta ukajaa. Mistari ikashuka kama mvua ya masika bati likiwa limetoboka, mmoja juu ya mwingine, na kila mmoja mwishoni umeandikwa Sleyum, Sleyum, Sleyum.

"Nini hicho?" akauliza Bi Ghanima.

"Ndiyo kazi ilivyojengwa, mama," Buthaina akasema. "Hatua kwa hatua."

"Basi someni. Miwani yangu ya kusomea nimeiacha."

Mwalimu Kristina akapitisha macho haraka, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, uso wake ukapoteza mwelekeo. "Mama, mingine ni ya kifundi sana..."

"Soma mwanangu. Mimi ndiye mwenyekiti."

Mwalimu akasoma. Alisoma kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa taarifa ya habari, bila kupanda wala kushuka, na hiyo ndiyo iliyowaua akina mama. Ulipofika mstari wa matapishi, walicheka. Ulipofika wa "kwa hiyo tugawane," Imakulata akajipiga paja. Ulipofika wa jjjjj, Mwalimu akasimama.

"Hapa ni jei nyingi."

"Ni Malak huyo," Buthaina akasema.

"Mashallah!" wakaitikia akina mama, na Malak, kwa kusikia jina lake, akapiga makofi.

Halafu pilau.

Mwalimu aliusoma polepole kidogo kuliko mingine. Chumba kikatulia kiasi kwamba walisikia fundi baiskeli chini anapuliza mpira.

"Haina nini?" Bi Ghanima akauliza.

"Chumvi, mama."

"Hata ya nini?"

"Ya kusingiziwa."

Bi Ghanima akamgeukia Imakulata, ambaye alikuwa amejifunika mdomo kwa kitenge. "Na wewe unacheka nini?"

"Bi Ghanima, siku ile hata mimi nilikula."

"Basi?"

"Basi nilikula tu. Kwa heshima."

Hapo walianguka. Mama mmoja ilibidi atoke nje. Buthaina alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia kibodi kama anayeagana nayo. Mashine ya mkonge ikaja, ikasomwa, ikapita. Bi Ghanima alimbadilisha Malak goti tu.

Mwalimu Kristina akaacha kusoma, akamgeukia kijana wa shati la pasi.

"Sleyum."

"Naam, Mwalimu."

"Mistari hii yote ina jina lako. Wewe una mama mkwe?"

"Sijaoa, Mwalimu."

"Unanyonyesha?"

Hata fundi baiskeli chini alisikia kicheko kilichotoka humo. Sleyum alishika kichwa kwa mikono miwili, na masikioni alikuwa mwekundu kama alama ya Bi Ghanima. "Za kwangu ni za rangi tu," akasema kwa chini. "Rangi, na picha ya juu. Yaliyobaki ni yake. Nisameheni. Nilikuta jina limekaa tu."

"Umebaki mmoja sikuusoma," Mwalimu akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya taarifa ya habari. "'Leo mavyaa kamchukua Malak tangu asubuhi. Hakusema kitu, kambeba tu akaenda naye kwa jirani. Nimemaliza marejesho yote ya vyombo kwa mara moja, sijawahi kufanya kazi hivi maishani. Mungu amjalie. Na asijue nimesema.'"

Bi Ghanima akavuta mtandio wake mbele, akaurudisha nyuma, akauvuta tena.

"Mimi sijasikia kitu," akasema. "Endeleeni."

Buthaina akapangusa macho kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyeingiwa na mdudu.

"Lakini hivi siunganishi," Mwalimu akasema. "Hata ikiwa ya kwako, Buthaina, hii ni vurugu. Mtu akija baada ya mwaka anatafuta kwa nini turubai limekwama, asikutane na kutapika. Kusafisha bado ni lazima."

"Sasa si asafishe?" Bi Ghanima akadakia. "Kwani hii na sufuria pana tofauti gani? Ndani sugua, ubavuni sugua, chini hapasuguliwi. Huyu kijana kasugua chini, hapo ndipo alipowakoroga. Kwao hawaoshi vyombo, naona. Na wewe Buthaina, miaka miwili nakuimbia wimbo huo huo, unakwenda kupika kwenye chombo cha watu, hujatia hata alama! Sikio lako ni la mapambo?"

"Nimekosa, mama."

"Kaa hapo uoshe. Tunakuangalia."

Akakaa. Na hakuna aliyewahi kusafisha historia ya Git kwa shida kama ile, kikundi kizima cha akina mama kimemsimamia mgongoni, kila mtu na maoni. Alianza na jina: aliliweka lake kwanza, Buthaina, kwenye kila mstari uliokuwa wake, na aliliandika taratibu kama mtu anayepaka rangi. Halafu akashika mistari mmoja mmoja. Ile mitatu ya kuhangaika na tarehe akaibana ikawa mmoja wenye maana. Matapishi yakatoka, turubai likabaki. Mashine ya mkonge ikatoka. Zambarau ikabaki, Sleyum akaiandika upya kwa mkono wake mwenyewe, kwa jina lake, na akina mama wakampigia makofi kama mtoto aliyepiga hatua ya kwanza, jambo ambalo lilimuuma kuliko kutukanwa.

"Huu wa vyombo vichafu," Mwalimu akaonyesha. "'Vikirudi vichafu visikodishwe mpaka vioshwe. Wazo la mavyaa, nimelipata akinigombeza.' Andika vizuri."

Buthaina akaandika: "Vyombo vikirudi vichafu havikodishwi mpaka vioshwe. Wazo la Bi Ghanima."

"Hapo nimetajwa?" Bi Ghanima akauliza.

"Umetajwa, mama."

"Jina langu kamili?"

"Kamili."

"Usipaguse tena."

Ugomvi ulikuja kwenye jei za Malak. Mwalimu alisema zitoke, hazifanyi kazi yoyote. Akina mama wakasema haiwezekani, mtoto kaandika kwa jasho lake. Imakulata akasema hata kwenye harusi watoto wanahesabiwa. Mwalimu Kristina hakuyumba. Alikunywa chai yake chungu akasema hapana, na zikatoka. Malak akalia wakati huo huo, na mpaka leo Imakulata anaapa kwamba alielewa.

Ilipobaki mistari michache, misafi, inasomeka mmoja baada ya mwingine kama mtu anayesimulia kwa adabu, Mwalimu akaunganisha tawi na shina. Akina mama wakapiga vigelegele. Projekta ikazimwa.

"Jumatatu asubuhi," Mwalimu akamwambia Buthaina. "Meza yako ni ile ya dirishani. Kompyuta ni ya ofisi. Kabla hujaandika chochote humo..."

"Naweka jina."

"Na mistari yako iwe ya kazi."

"Ya kazi tupu, Mwalimu."

Mwalimu akamwangalia kidogo. "Siku nyingine ukipata mmoja mzuri," akasema, "niambie kwa mdomo."

Walirudi Ngamiani kwa miguu, Buthaina anasukuma baiskeli, Bi Ghanima kambeba Malak. Jua lilikuwa kali na mavyaa hakufungua mdomo mpaka wamevuka barabara kuu, na kwa Bi Ghanima hiyo ni safari ndefu.

"Mtoto atabaki kwangu mchana," hatimaye akasema. "Usije ukamtafutia mtu."

"Sawa mama. Ahsante."

"Na usinisimulie huko."

"Sikusimulii, mama."

Wakaenda kidogo. Muuza mkate wa ajemi akawasalimu, Bi Ghanima akamwitikia bila kumtazama. Akili yake ilikuwa mahali pengine.

"Ule mwingine," akasema. "Wa chakula. Umefutika?"

"Umefutika, mama."

"Kabisa kabisa? Hata mtu akipindua chini haoni?"

"Kwenye shina haumo kabisa."

Bi Ghanima akaridhika, akamrekebisha Malak begani, akaanza kueleza kwamba siku ile chumvi ilikuwepo ila ilikwenda yote kwenye nyama. Buthaina akaitikia kila sentensi, "Ndiyo mama," "Kweli mama," macho yanatazama mbele, midomo kaibana kwa nguvu zote. Hakusema uongo. Kwenye shina haukuwamo. Lakini Git haisahau upesi, na kule Usagara, kwenye kompyuta ya zamani ya Sleyum, ndani, chini kabisa, pilau bado haikuwa na chumvi.